Pasaka na Kitambulisho Kilichofungiwa Kwenye Droo

Leo sina vichekesho. Nimekaa kibarazani kwetu Mishomoroni, stima imepotea, simu imebaki asilimia 31. Kwa hivyo nitaenda moja kwa moja.

Ukipanda matatu za Kisauni kutoka tauni, ukishavuka daraja la Nyali, makanga anaanza: "Kengeleni! Kuna wa Kengeleni?" Ushawahi kujiuliza ni kengele gani hiyo? Mimi nimezaliwa huku. Nimeshuka hapo mara elfu, nimekula viazi karai hapo, nimegombana na watu wa boda hapo. Miaka 22, sikuuliza hata siku moja. Jibu nimelipata juzi, na kilichonifanya nilitafute ni Pasaka ya Wayahudi. Tulia, nitafika.

Wiki tatu kabla ya Pasaka, kanisa tunaloenda na mama (jina sitaji, mama ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo) lilitangaza "Sadaka ya Pasaka". Mhubiri alikuja na baragumu la pembe ya kondoo, mmoja wa wazee amejifunika shela ya maombi ya Kiyahudi. Tukaambiwa sisi ni Israeli wa kiroho, na Israeli walikuwa hawaendi mbele za Mungu siku ya Pasaka mikono mitupu. Akasoma Kutoka sura ya 23, mstari wa 15. Halafu akaruka mpaka mistari ya mbele huko, akahesabu baraka saba. Nambari ya kutuma pesa ikatokea kwenye skrini. Mama anauza mitumba Kongowea. Alituma elfu saba, elfu moja kwa kila baraka.

Na alikuwa na ombi zito. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Ghuba, anafanya kazi za ndani. Mwajiri wake amemshikia pasipoti tangu siku aliyofika. Hana siku ya mapumziko. Mshahara wa miezi miwili hajaona. Mama alipiga magoti akalia: "Bwana, mtoe mwanangu Misri." Mimi nilikuwa nyuma yake, na mimi machozi yalinitoka.

Binamu aliacha mtoto wa miaka minne, na tunaye sisi. Anayemlea hasa ni dada wa kazi, msichana kutoka Ganze, wa umri wangu. Yeye naye ana mtoto wake huko Ganze, analelewa na bibi. Kwa hivyo hesabu hivi: mmoja yuko Ghuba analea watoto wa watu, wa pili yuko Mishomoroni analea mtoto wa wa kwanza, na huyo bibi wa Ganze ndiye analea mtoto wa wa pili. Pesa inashuka mnyororo huo ikipungua kila hatua.

Jumapili hiyohiyo, tumerudi kanisani, tunakula. Yule mtoto akauliza, vile watoto huuliza bila kupima: "Dada, wewe huendi kwenu Pasaka?"

Dada akacheka kidogo, akasema: "Nitaendaje? Kitambulisho changu amekiweka mama."

Kijiko changu kilisimama hewani. Kitambulisho kilikuwa kwenye droo ya kabati la mama, chini ya stakabadhi za chama. Na nilipouliza zaidi, hajalipwa miezi miwili. Elfu sita mara mbili, elfu kumi na mbili.

Kabla hujamtukana mama yangu, ngoja. Msichana aliyetangulia aliondoka usiku na televisheni. Majirani wote wakamwambia mama, shika kitambulisho, ndivyo watu wanavyofanya. Na biashara Kongowea imekuwa ngumu, wewe mwenyewe wajua. Na mimi nilikuwa wapi? Ndani ya nyumba hiyohiyo, nakula chakula alichopika, nikimuita "mboch" nikiongea na mabeshte. Sikuwahi kumuuliza analipwa lini. Kwa hivyo hii si klipu ya kumuanika mama. Tuko wote kwenye kesi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sina digrii ya theolojia wala ya kitu chochote. Lakini kusoma nasoma, na usiku huo nilifungua ile Kutoka 23 nikaanza juu, sikuanzia pale mhubiri alipoanzia.

Mstari wa 9 unasema msimwonee mgeni, kwa sababu nyinyi mwaujua moyo wa mgeni, mlikuwa wageni Misri. Wa 12 unaamuru kupumzika siku ya saba, na unataja nani apumzike: ng'ombe, punda, mtoto wa mjakazi, na mgeni. Ndipo unakuja ule wa 15, wa sherehe ya mikate isiyotiwa chachu na mikono mitupu. Yaani amri ya sadaka iko hapo, kweli. Lakini imetanguliwa na mjakazi na mgeni. Tumeruka mistari sita kwenda nyuma, tukaruka kumi kwenda mbele, tukatua kwenye baraka.

Hayo maneno "mikono mitupu" yalinikaa kichwani, nikayatafuta kwingine. Yako Kutoka 3, Mungu akimwambia Musa kwamba siku watumwa watakapotoka Misri hawatatoka mikono mitupu. Yako tena Kumbukumbu la Torati 15: ukimwacha huru mtumishi wako, usimwache aende mikono mitupu, mpe katika mifugo yako, nafaka yako na divai yako, ukikumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Kwa Kiebrania ni neno moja sehemu zote tatu. Sasa iweke pamoja. Mungu aliwatoa watumwa wakiwa na kitu mkononi. Ukimwachia mtumishi, naye aondoke na kitu mkononi. Na wewe ukija mbele za Mungu, njoo na kitu mkononi. Sisi tumeshika hilo la mwisho tu, kwa sababu ndilo lina nambari ya kutuma pesa.

Hebu tuongelee hii Pasaka ya Wayahudi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaijua kama baragumu na shela tu. Kwanza, baragumu si la Pasaka. Wayahudi hulipuliza hasa siku ya mwaka mpya wao. Pasaka yao iko mezani, nyumbani. Familia inakaa usiku, kuna mikate isiyochacha kwa sababu walitoka Misri mbio unga haujaumuka, na kuna mboga chungu, ili ulimi uonje utumwa ulivyokuwa. Mtoto mdogo kabisa ndiye anayefungua mazungumzo kwa kuuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine. Watu wazima wanalazimika kujibu. Na mafundisho yao yanasema kila kizazi kijione kama chenyewe ndicho kilichotoka Misri. Hawasemi babu zetu walikuwa watumwa. Wanasema sisi tulikuwa.

Yesu aliukulia usiku huo. Mathayo, Marko na Luka wanasema karamu yake ya mwisho ilikuwa ya Pasaka. Yohana naye anasimulia kwamba usiku wa mwisho alivua vazi, akajifunga taulo, akaosha watu miguu. Hiyo ilikuwa kazi ya mtumwa. Wamekaa wakikumbuka walivyotolewa utumwani, na Bwana mwenyewe anashika beseni la mtumwa. Paulo baadaye anamwita Kristo Pasaka wetu. Kwa Kiingereza wana majina mawili tofauti, la sherehe ya Wayahudi na la kufufuka. Sisi kwa Kiswahili tuna neno moja kwa zote mbili, Pasaka, lililotoka Kiebrania likapitia Kigiriki. Lugha yetu haijasahau. Tuliosahau ni sisi, ambao ukitutajia Pasaka tunawaza Pirates, wabara wamejaa kwenye treni, na nauli imepanda.

Najua pia ukitaja Wayahudi Mombasa, watu wanafikiria Gaza papo hapo. Sizungumzii serikali yoyote wala jeshi lolote. Nazungumzia sherehe iliyokuwepo karne nyingi kabla ya mipaka hii yote. Na beshte yangu wa Mlaleo, Mwislamu, nilipomwambia haya alishangaa kwamba mimi nashangaa: "Sisi si tunafunga Ashura? Mtume alifika Madina akakuta Mayahudi wamefunga kwa sababu Mungu alimwokoa Musa na Firauni, akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa." Kwa hivyo huku Kisauni kuna nyumba zinazofunga kwa ajili ya watumwa kuvuka bahari, na mlango wa pili kuna Wakristo wanaodhani Pasaka ni kuku.

Kanisa lilianza kutengana na kumbukumbu hiyo zamani. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka Pasaka ya Wakristo isifuate hesabu ya Wayahudi. Ndiyo maana 2024 sisi tulisherehekea 31 Machi, wao wakaanza jioni ya 22 Aprili. Tarehe si tatizo. Tatizo ni kwamba ukisahau uliyerithi kwake unaweza kumgeuka. Jumapili ya Pasaka mwaka 1903, katika mji wa Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova, Wakristo waliwavamia majirani zao Wayahudi, wakaua watu 49. Mwaka huohuo Waingereza wakawapa viongozi wa Wayahudi ofa ya ardhi ya kukimbilia, na ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya hii hii, bila kuwauliza wenyewe wa huko. Ofa ilikataliwa 1905. Pasaka, siku ya kukumbuka walioonewa, ikageuzwa siku ya kuonea.

Sasa turudi Kengeleni.

Baada ya kusoma kwamba kila kizazi kijione kimetoka Misri, nilijiuliza: Misri ya huku kwetu ni ipi? Nikauliza mzee mmoja wa mtaa wetu. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia ya choo cha nyumbani kwao. "We si wapita Kengeleni kila siku?"

Mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Aliyetumwa na Waingereza kuusukuma mkataba huo alikuwa Bartle Frere. Meli za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na hao watu walihitaji pa kushushwa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa CMS wakaanzisha makazi ng'ambo ya kisiwa, upande wetu huu, wakayaita Frere Town. Wakashushwa hapo watu wa Yao, Wanyasa, Wamakua, watoto wasiojua mama zao wako wapi. Walilima, wakasoma, wakajenga kanisa. Na kengele ikawekwa, na wazee wanasema kazi yake moja ilikuwa kuwaonya watu wakati wanyakuzi wanakuja kuwarudisha utumwani. Mnara wake bado upo. Hiyo ndiyo Kengeleni unayoitiwa na makanga.

Kwa hivyo kanisa upande huu halikuanzia kwenye hema la mkutano wa injili. Lilianza na watu waliotoka utumwani. Ukiwa Mkristo wa Kisauni, huhitaji kuazima shela ya mtu ili uwe na Kutoka yako.

Kuna mmoja nataka umjue. William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa India karibu na Nashik, akarudi pwani hii. Mwaka 1885 akapewa ushemasi. Akawa anasimamia misheni ya Rabai, huko juu ya Mazeras. Watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya mabwana zao, walimiminika kwake. Mabwana walitaka warudishwe, na kuwaficha kulikuwa hatari kwa misheni nzima. Jones aliwapokea. Ikafika mahali kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, chini ya George Mackenzie, ikalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watoro 1,400 wakapewa hati za uhuru hapo Rabai. Hati. Karatasi yenye jina lako, mkononi mwako, inayosema wewe si wa mtu. Nilipofika hapo nilifikiria ile droo.

Na usidhani Frere Town ilikuwa Kanaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa misheni alikuwa akiwachapa viboko watu hao hao waliookolewa, mpaka ikawa kashfa. Watu wanaimba nyimbo za ukombozi asubuhi, mchana mtu anafungwa. Yaani unaweza kuwa upande wa Musa kwa mdomo na upande wa Firauni kwa mkono, siku hiyohiyo. Mama yangu si wa kwanza. Mimi pia si wa kwanza.

Katika hao wa Frere Town kulikuwa na familia ya Mbotela. James Mbotela aliandika kitabu cha historia yao, Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa 1934. Na wa ukoo huohuo ni yule mtangazaji ambaye nyanya zetu walimsikiliza redioni, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake kilianza 1966, kikiitwa Je, Huu ni Ungwana? Sasa sikia. Zamani huku pwani, mwungwana maana yake ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mzao wa mtumwa aliyekombolewa alikaa miongo mingi akiiuliza Kenya nzima kama hivi tunavyotendeana ni ungwana. Hilo swali ndilo Pasaka.

Najua mtakachosema. "Hiyo ni Agano la Kale, Yesu alimaliza yote." Sawa. Alimaliza akiwa ameshika beseni. Ama utasema, "Dada wa kazi si mtumwa, analipwa, alikuja mwenyewe." Binamu yangu pia alikwenda mwenyewe, na alitia sahihi. Ukishika karatasi ya mtu ili asiweze kuondoka, na mshahara wake ukabaki kwako, mimi sijui neno lingine utaliita nini. Kumbukumbu la Torati 24 inasema kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, asije akamlilia Mungu. Mama alikuwa akimlilia Mungu sebuleni kuhusu mwajiri wa Ghuba. Fikiria jikoni kulikuwa na mwingine akimlilia Mungu huyohuyo kuhusu sisi. Wewe ungekuwa Mungu, ungeanza na maombi ya nani?

Hilo swali nilimuuliza mama. Nilimuuliza polepole, kwa heshima, tumekaa wawili. Hakunijibu. Aliinuka akaenda chumbani, nikadhani nimeharibu kabisa. Kesho yake asubuhi nilisikia droo ikifunguliwa.

Alimpa dada kitambulisho chake. Elfu kumi na mbili hakuwa nayo. Akatoa saba aliyokuwa amekusanyia mzigo mpya, mimi nikaongeza tano, pesa ya klipu zangu. Alhamisi Kuu tukamsindikiza stendi. Mama alimfungia unga, sukari, na nguo za mtoto alizochagua mwenyewe kwenye robota, zile nzuri ambazo huwa anaweka za wateja wake wa siku zote. Hakuondoka mikono mitupu.

Wikendi hiyo mimi ndiye niliyeosha vyombo na kupika. Wali uliungua. Mtoto akauliza kwa nini chakula cha leo si kama cha siku zote, nikamwambia kaa hapa nikueleze.

Dada hakurudi. Jumatano alipiga simu, amepata kibarua karibu na kwao, anataka kukaa na mtoto wake. Hiki ndicho mama alichokiogopa siku zote. Ndicho droo ilikuwa inazuia. Kwenye Biblia, Firauni alipoona watu wameondoka kweli alijuta, akatandika magari akawafuata mpaka baharini. Mama alinyamaza kidogo na simu sikioni. Kisha akamwambia, "Haya mwanangu, Mungu akusaidie. Mtoto wako hajambo?"

Binamu yangu bado yuko Ghuba, na pasipoti bado imeshikwa. Sina mwisho mzuri wa hilo. Tunaendelea kuomba, na safari hii najua tunaomba nini.

Kwa hivyo, kabla ya Pasaka nyingine, fanya hivi. Muulize anayekufulia nguo kwenu kama amelipwa, na kitambulisho chake kiko wapi. Muulize mbele ya wazazi, kwa adabu, lakini muulize. Sadaka peleka baadaye. Na siku ukishuka Kengeleni, simama dakika moja uutazame ule mnara.

Simu imebaki asilimia nne. Naituma.